Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Algoridhimu

Mheshimiwa Algoridhimu,
Mlezi Mkuu wa Masikio ya Umma,
S.L.P. Mawinguni.

YAH: PONGEZI KWA UTENDAJI ULIOTUKUKA, PAMOJA NA MALALAMIKO MACHACHE YASIYO NA UMUHIMU

Mheshimiwa,

Husika na somo tajwa hapo juu.

Natumaini barua hii itakukuta u mzima wa afya na seva zako zimepoa. Sisi huku Mbagala hatujambo, ila umeme unakatika, na bando linakwisha kabla wimbo haujafika kwenye kiitikio.

Ama baada ya salamu, dhumuni hasa la barua hii ni kukupongeza kwa kukalia kiti kikubwa kuliko vyote katika muziki bila kupigiwa kura, bila kuteuliwa, bila kuapishwa na bila hata picha yako kutundikwa ukutani. Viongozi wengine humwaga fedha kampeni nzima wapate robo ya mamlaka uliyonayo, na bado wanazomewa stendi. Wewe hata ukizomewa huzomeki, maana hakuna ajuaye ulikokaa. Asubuhi unajua nitasikiliza nini kabla sijapiga mswaki. Jioni unajua nitaacha wimbo gani katikati. Mke wangu amekaa nami miaka yote hii na bado ananiuliza kama napenda taarabu.

Kwa mila na desturi zetu, kiongozi aliyepo hasifiwi mpaka waliomtangulia wasemwe. Naomba nitimize wajibu huo.

Mtangulizi wako wa kwanza alikuwa wakala wa santuri. Mwaka 1928 mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad na wenzake walipandishwa meli kutoka Unguja hadi Bombay kwenda kurekodi kwa ajili ya kampuni ya His Master's Voice. Safari ya bahari nzima, ili mtu mwenye gramafoni aiweke barazani na mtaa wote usikie. Huo ulikuwa uzembe mkubwa: mnunuzi mmoja, wasikilizaji arobaini, na hakuna aliyewahesabu.

Wa pili alikuwa Redio Tanzania Dar es Salaam. Kuanzia miaka ya 1960 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, Tanzania Bara ilikuwa na sauti hiyo moja tu hewani. Bendi iliyotaka kurekodi ilipeleka kwanza mashairi yake yapitiwe na wakubwa. Yakipita, inapangiwa siku ya studio Barabara ya Pugu. Nchi haikuwa na kiwanda cha santuri, hivyo aliyetaka sahani yake alivuka mpaka kwenda Nairobi. Ulikuwa ukiritimba wa wazi, wenye mkasi wa wazi, na nyimbo zilizokatwa hazikupata pa kukatia rufaa. Siuombei urudi.

Lakini ukiritimba ule ulikuwa na kasoro moja ambayo wewe umeifuta kabisa: ulimlazimisha kila mtu kusikia cha mwenzake. Aliyekaa kungojea bendi ya Mlimani Park alipitishwa kwanza kwenye ngoma ya Wagogo, akapewa kwaya, akamaliziwa na taarabu ya Black Star ya Tanga. Hakuwa na mahali pa kukimbilia. Kijana wa Songea akaijua taarabu bila kuiomba, na bibi wa Pangani akalijua zeze la Dodoma huku akilalamika. Na wimbo ulipokwisha, mtangazaji alitaja mtunzi, akataja mwimbaji na bendi, kisha akasoma salamu za wasikilizaji. Ulilala ukiwa na majina matatu mapya kichwani.

Wa tatu alikuwa msambazaji wa kanda wa Kariakoo. Huyu alinunua masta kwa bei aliyoitaka yeye, akazalisha kanda kwa idadi aliyoijua yeye, akamwambia msanii kuwa kanda haijatoka vizuri. Wa nne ni DJ wa redio za FM, zilizozaliwa baada ya sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 kuruhusu redio binafsi. Huyu alitufungulia dunia, akaulea muziki wa Bongo Fleva ulipokuwa ukiitwa uhuni, na baadhi ya wenzake wakajifunza haraka kwamba penye udhia penyeza rupia. Wasanii walilalamika hadharani: bila kumwona mtu, wimbo hauendi hewani.

Ila hata yule mla rushwa alikuwa na udhaifu wa kibinadamu. Alikuwa na jina. Alikuwa na kijiwe. Msanii alijua amfuate wapi na amnunulie nini. Na zipo siku alisahau alicholipwa, akapiga wimbo wa mtoto asiyejulikana kwa sababu tu ulimwingia, akaurudia mara ya pili, na wiki iliyofuata daladala zote zikawa nao.

Ndipo ukaja wewe. Mwaka 2015 ikazaliwa programu ya muziki ya Boomplay, ikatufikia ikiwa imeshapakiwa ndani ya simu za Tecno. Februari 2021 Spotify nayo ikafungua milango Tanzania, Kenya na Uganda. Hakuna mkasi, hakuna msambazaji, hakuna wa kumwona. Tukaambiwa kila mwenye kipaji na simu sasa ana redio yake. Tukashangilia. Naomba sasa niyataje mafanikio yako, moja baada ya jingine.

La kwanza ni wingi. Kwa hesabu za kampuni ya takwimu za muziki ya Luminate, mwaka 2023 nyimbo zaidi ya 100,000 zilikuwa zikipakiwa kila siku kwenye majukwaa ya kusikilizia muziki duniani. Tulizoea kulalamika kwamba muziki ni adimu. Umetunyamazisha kwa gharika. Katika nyimbo milioni 184 zilizohesabiwa mwaka huo, milioni 45.6 hazikuchezwa hata mara moja. Hata mtunzi hakujisikiliza. Hata mama yake hakubonyeza. Wazee walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa utawala wako vyote viwili vimepangwa ghalani, na funguo unazo wewe.

La pili ni nidhamu ya muda. Umeweka utaratibu kwamba wimbo ukichezwa sekunde 30 umehesabiwa. Ukiachwa kwenye sekunde ya 29, haukuchezwa. Naelewa: umma una haraka. Lakini hebu nikueleze, Mheshimiwa, mateso uliyowapa wazee wetu wa dansi. Wimbo wa dansi una sehemu mbili. Kwanza magita yanaongea taratibu, tarumbeta zinaingia, mwimbaji anakaa chini anakusimulia kisa kizima: mke kaondoka, barua haijibiwi, mjomba kala mahari. Hapo watu wamekaa mezani. Kisha ngoma zinabadilika, inaingia chemko, na hakuna anayebaki kitini. Katika nyimbo nyingi za bendi kama Sikinde na Msondo, sekunde 30 zako zinakwisha mwimbaji hajafungua mdomo.

Taarabu ya kisasa ndiyo usiseme. Wimbo mmoja unaweza kwenda robo saa, na si kwa uvivu wa mtunzi. Beti zinarefushwa ili akina mama wapate nafasi ya kuinuka na kwenda kutunza, kila mmoja na noti yake mkononi na ubeti wake wa kumsuta jirani. Urefu ule ulikuwa na malipo yake ukumbini. Kwako, robo saa ya taarabu ni mchezo mmoja, na sekunde 31 za kijana anayerudia neno moja ni mchezo mmoja. Vijana si wajinga. Wamefanya hesabu. Siku hizi kiitikio kinaanza kabla wimbo haujaanza, na wimbo unakwisha kabla mtu hajapata muda wa kuuchoka. Ulipoonyesha kuipenda amapiano, studio nzima nzima za Dar zilihamia Soweto bila pasipoti.

La tatu ni usafi wa fedha. Rushwa umeikomesha kwa njia ambayo taasisi zetu zingepaswa kuja kujifunza: umeiandikia mkataba. Tangu mwishoni mwa mwaka 2020 Spotify ina mpango uitwao Discovery Mode. Msanii au lebo inachagua nyimbo. Nyimbo hizo zinaongezewa uwezekano wa kupendekezwa kwa wasikilizaji. Na kwa kila mchezo unaotokana na mapendekezo hayo, anakatwa asilimia 30 ya malipo ya rekodi. Hakuna bahasha, hakuna soda, hakuna kuonana gizani. Zamani msanii alitoa ya kwake mfukoni akampa DJ. Sasa anaacha karibu theluthi ya jasho lake mezani kabla halijamfikia. Maendeleo hayana vyama.

Redio za Marekani hazikubahatika hivyo. Zilipofumaniwa zikilipwa kupiga nyimbo, Bunge la nchi hiyo lilibadili sheria mwaka 1960: ukilipwa kuupiga wimbo, utangaze hewani kwamba umelipwa. Wewe una maelezo ya jumla kwamba biashara yaweza kuchangia katika mapendekezo yako, lakini wimbo wenyewe unapoingia sikioni mwangu hauna alama yoyote. Nauona umekuja wenyewe, kwa mapenzi yako kwangu.

Na ili wanyonge wasichafue vitabu, mwaka 2024 Spotify hiyohiyo iliweka kizingiti: wimbo usiofikisha michezo 1,000 ndani ya miezi 12 haulipwi malipo ya rekodi. Nikirudi kwenye hesabu za Luminate za mwaka 2023, nyimbo karibu 86 katika kila 100 zilikuwa na michezo 1,000 au chini ya hapo kwa mwaka mzima. Wenzetu hao 86 wanakupa muziki wao bure, wanakujazia ghala ili ujisifu kwa ukubwa wake, kisha wanasubiri wagunduliwe. Mgunduzi ni wewe. Utamgundua vipi asiyechezwa, wakati unampendekeza aliyechezwa?

Hapo ndipo lilipo shauri langu, Mheshimiwa, na naomba ulisome kwa utulivu. Kazi uliyojipa ni kunionyesha nyimbo nisizozijua. Njia uliyochagua ni kutazama nilichosikiliza jana, kutafuta watu waliosikiliza hicho hicho, kisha kuniletea walichokimalizia. Umekuwa kama mama ntilie aliyeniona nimekula maharage Jumatatu, akaamua kuniwekea maharage hadi nife, na kila sahani ananiambia haya ni mapya. Mwenye bando la mia tano hakulaumu. Hawezi kulichezea kamari kwa jina asilolijua. Anabonyeza alichokizoea, wewe unaandika kwamba amependa, na ukuta unapanda tofali jingine.

Chukua mfano wa singeli. Muziki huu umezaliwa uswahilini Dar es Salaam: Manzese, Tandale, Mburahati. Mapigo 200 kwa dakika na kuzidi, MC akimwaga maneno bila kumeza mate. Haukupendekezwa na wewe. Ulienea kwa sherehe za vigodoro za usiku kucha, kwa bajaji, kwa flashi zilizopita mkono kwa mkono, hadi redio za mjini zikasalimu amri. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko wa Sounds of Sisso kutoka studio ya Sisso, Mburahati, na muda si mrefu vijana wale wakawa wanapanda majukwaa ya Ulaya. Mtu wa Masaki mwenye simu ya bei mbaya, anayeishi mwendo wa bodaboda tu kutoka Mburahati, huenda aliwasikia baada ya mtu wa Berlin. Kwa hesabu zako, mtu wa Masaki na wa Mburahati hawafanani. Kwa hesabu za watu wenye masikio na nauli, wanafanana vya kutosha.

Nisikuchoshe na Ulaya. Njoo hapa Mbagala Rangi Tatu. Kuna kibanda kina kompyuta moja iliyochakaa, spika mbili na kijana mmoja. Watu wanakuja na flashi za sabufa, memori kadi, redio za kwenye bodaboda, wanajaziwa nyimbo. Kijana huyu hamlipi msanii hata senti tano, na sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 ina maneno yake ya kumwambia. Lakini msikilize akifanya kazi uliyodai kuimudu.

"Kaka, niwekee za sherehe."

"Sherehe gani, dada?"

"Tunamtoa mwali."

"Huku huku au mnaenda Mkuranga?"

"Mkuranga."

"Wamama watakuwepo?"

"Sasa bila wamama tunamtoaje?"

Kijana anaguna, anafuta nusu ya alizokuwa ameshachagua, anaanza upya. Anaweka mdundiko, anaweka taarabu mbili ndefu za kutunzia, singeli anaziacha za mwisho, "wazee wakishalala". Kisha anachomoa flashi, anaishika kidogo kabla ya kuitoa.

"Nimekutilia na moja hukuniagiza. Ya dogo mmoja wa Kongowe. Ukiichukia, mimi nipo hapa hapa, njoo unifokee."

Mheshimiwa, hilo ndilo lililokushinda. Hujawahi kuniuliza kama wamama watakuwepo. Hujawahi kuweka jina lako rehani kwa ajili ya dogo wa Kongowe. Ukinipendekezea takataka, nikufokee wapi?

Nasikia pia unajiandaa kuajiri watumishi wapya. Novemba 2025 jukwaa la Deezer lilieleza kwamba kila siku linapokea takriban nyimbo 50,000 zilizotengenezwa na akili mnemba pekee, zaidi ya theluthi moja ya zote zinazoingia. Nakupongeza mapema. Hao ndio wasanii uliokuwa ukiwaota: hawaumwi, hawaombi nauli, hawagombani na meneja, na hakuna hata mmoja mwenye mama wa kumpigia simu akimlilia kwamba wimbo haukuchezwa. Dogo wa Kongowe sasa atapanga foleni nyuma ya mashine.

Baada ya pongezi hizo, naomba kuwasilisha maombi yafuatayo, yote yakiwa ndani ya uwezo wako:

Mosi, kila wimbo uliopenyezwa kwa makubaliano ya kukatwa malipo uwekewe alama juu yake, nikiusikia nijue. Redio zilimudu tangu 1960. Wewe unajua kuhesabu sekunde, hutashindwa kuweka nukta.

Pili, utaje majina. Mtunzi, mpiga gita la solo, studio, mji. Nyimbo zinafuatana sebuleni kwangu saa nzima na nikiulizwa niliyemsikia simjui. Mtangazaji wa Redio Tanzania aliyataja bure.

Tatu, unipe wimbo mmoja kwa siku kutoka kwa watu nisiofanana nao kabisa. Niuchukie kwa hiari yangu.

Nne, uajiri binadamu wanaoishi tunakoishi, wanaojua tofauti ya chakacha ya Mombasa na mchiriku wa Dar bila kuzitupa zote kapu moja la "Afro", na majina yao yaandikwe kwenye orodha wanazozipanga ili wasifiwe na wafokewe.

Tano, wimbo uliochezwa ulipwe, hata kama umechezwa mara 12. Ukiona fedha ni kidogo mno kuhesabika, hiyo ni taarifa kuhusu viwango vyako, si kuhusu msanii.

Najua majibu yako. Utasema wewe ni kioo tu, unatuonyesha tunachokipenda. Kioo hakikati asilimia 30.

Naomba kuwasilisha.

Wako mtiifu kwa kukosa namna,
Msikilizaji,
Mbagala, Dar es Salaam.

Nakala kwa:

Wizara yenye dhamana ya sanaa: kwa taarifa. Mlipokuwa mnafungia nyimbo, huyu bwana hakufungia hata moja. Alizizika tu, na hakuna aliyeandamana.

Wasanii: someni mkataba kabla ya kubonyeza "nakubali". Asilimia 30 inayokatwa ni yenu.

Wewe msomaji: kwa utekelezaji. Mheshimiwa hatajibu barua hii, kwa hiyo kazi imebaki kwetu. Wiki hii mpelekee mtu mmoja wimbo asioujua, mtajie aliyeuimba na mahali anakotoka, na mwambie kwa nini unadhani ataupenda. Nenda kasikilize bendi ya mtaani kwako hata kama humjui anayeimba, na ukimpenda mtunze noti mkononi. Muziki mpya haujawahi kutufikia kwa njia nyingine ya kuaminika zaidi ya mtu kumwambia mwenzake: sikia hii.